Kilichounguza Betri

Wiki iliyopita mliniacha katikati ya barabara, gari limezima, taa za dashibodi zimewaka zote kwa mpigo, na nyuma yangu watu wanapiga honi na kunitukania mama. Abiria wangu alishuka, akabamiza mlango, akaenda zake bila kulipa. Nimeambiwa baadhi yenu mlinionea huruma. Asanteni. Nimeambiwa wengine mlicheka mpaka mkashika mbavu. Nanyi asanteni, angalau gari lile limemfaa mtu.

Kwa aliyelifungua gazeti leo tu: mimi ni dereva wa teksi. Mke wangu ni mshonaji, cherehani yake iko sebuleni, na kwa muda mrefu alikuwa akidunduliza pesa za kukodi chumba cha duka. Mimi nikamwingia kwa maneno matamu. Nikamwambia tununue gari la haibridi, lile linalotumia petroli na betri kwa zamu, niachane na lile la petroli tupu lililokuwa likinimalizia mapato kwenye pampu. Nikamwapia: "Mafuta nitakayookoa ndiyo yatakayokufungulia duka."

Akakubali. Kaka yake akapinga, akashindwa, akatoa sharti moja tu: gari liandikwe jina la dada yake, kwa kuwa pesa ni zake. Likaandikwa. Mimi jambo hilo nililisahau, ninyi msilisahau.

Miezi michache likanifurahisha. Halafu likanizimikia.

Aliyekuja kunivuta ni huyohuyo shemeji. Ni msimamizi wa magari kwenye kiwanda cha unga, ndiye anayewagawia mafuta madereva wa malori. Kituoni kwetu tunamwita Bwana Lita, maana hajui kukusalimia bila kuuliza gari lako linakula lita ngapi. Alikuja na gari lake la saluni la petroli, kongwe kuliko ndoa yangu, moshi unamfuata nyuma, kamba begani, meno yote nje.

"Shemeji," akasema, "gari la kisasa limechoka?"

"Funga kamba."

"Nauliza tu. Naona limekuja kuomba msaada kwa la kishamba."

"Funga kamba, shemeji, watu wanatutukana."

Akainama, akaanza kufunga fundo taratibu, na mdomo nao ukienda. "Mimi langu linakunywa, sikatai. Linakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Lakini mlevi huyu kila jioni anarudi nyumbani kwa miguu yake. Plagi ikifa, nanunua duka lolote. Fundi yeyote wa kando ya barabara analifungua kwa bisibisi moja. Lako likipata mafua linataka daktari bingwa."

Nikashindwa kuvumilia. "Lako likikaa kwenye foleni linaunguza mafuta bure. Langu linazima injini, linatembelea betri. Breki wewe unabadilisha kila mara. Zangu hazijaguswa, maana mota yenyewe inalipunguzia gari mwendo, na huku inarudisha umeme kwenye betri. Piga hesabu ya mwaka mzima, usipige ya leo!"

"Sawa," akasema, akijipangusa mikono. "Liambie lijivute."

Nikaingia, nikashika usukani wa gari lililokufa, tukaondoka polepole.

Njia ya gereji inapita mbele ya kituo chetu cha teksi. Bwana Lita angeweza kuongeza mwendo pale, akapunguza. Wenzangu wote wakasimama kutazama. Gari langu walikuwa wamelibatiza jina la Bubu, kwa sababu likiondoka halina mlio.

"Jamani, leo Bubu kazungumza?" akauliza mmoja.

"Kazungumza," akajibu mwenzake. "Kasema nivuteni."

Kicheko kilichofuata nilikisikia mpaka tulipokata kona. Nilijiinamia, nikawa napapasa kava ya kiti, kwa kuwa katika gari lile zima ilikuwa imebaki hiyo tu ya kujivunia.

Kava zile alizishona mke wangu wiki tuliyolinunua gari. Kitambaa kizito cha zambarau, pindo la dhahabu. Mke wangu hajui kazi nusu. Ana msemo wake: mshono usiofika chini ni mshono wa mvivu. Basi kava zilifika chini kweli, zikakizunguka kiti cha nyuma pande zote, zikachomekwa kila mwanya mpaka huoni plastiki wala chuma. Abiria walikuwa wakipanda tu wanauliza nani kazishona, nami nawajibu kwa maringo. Alipata wateja kwa njia hiyo.

Fundi wa magari ya haibridi ni mwanamke mmoja tunayemwita Dada Waya. Ana gereji yake ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na mfukoni hakosi waya unaoning'inia.

"Umeleta nini?" akaniuliza.

"Betri. Taa zinasema betri."

"Kama taa zinajua, zingekutengenezea huko huko."

Bwana Lita akaifurahia ile. Akafungua kamba yake, akanipigapiga begani. "Ukimaliza kulia nipigie simu," akasema, akaenda kazini kwake na moshi wake.

Dada Waya akavua kava za nyuma, akazikunja vizuri, akaziweka pembeni. Akatoa kiti. Kisha akachukua tochi, akamulika pembeni.

"Kaka, hebu njoo uiname hapa."

Nikainama.

"Unaliona tundu hili?"

Pembeni mwa kiti cha nyuma, chini kabisa, palikuwa na tundu lenye wavu wa plastiki. Wallahi sikuwahi kuliona hata siku moja.

"La nini?"

"Ndiyo pua. Betri ya gari hili inakaa hapa chini ya kiti. Ikifanya kazi inapata joto, sasa kuna feni inavuta hewa ya humu ndani kuipoza. Hewa yote inapita hapa. Nani aliziba pua?"

Akaifungua ile feni. Ilikuwa imejaa nyuzi. Zambarau zilikuwapo, na za dhahabu zilikuwapo, lakini kulikuwa na nyingine pia: bluu ya sare za shule alizoshona mke wangu mwanzo wa muhula, nyeupe ya gauni la bibi harusi, kijani cha mapazia ya jirani. Kila alipopeleka kazi kwa wateja alipanda nyuma, na mabunda yake ya nguo pembeni. Feni ilikuwa imevuta msimu wake wote wa kazi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Dada Waya, wala hakucheka.

"Kwa hiyo gari lenyewe si bovu?"

"Gari zima kabisa. Lingekwenda miaka. Limekabwa roho."

Nikamuuliza bei ya betri mpya. Alipoitaja nikakaa juu ya tairi. Mafuta yote niliyookoa tangu nilinunue lile gari, jumlisha breki ambazo sikubadilisha, jumlisha maringo yangu yote kituoni, visingefika hata nusu yake. Hapo ndipo maneno ya Bwana Lita yaliponirudia. Petroli inakula kidogokidogo kila siku, unaizoea. Betri inakaa inakusubiri, inakuja mara moja na kukomba sufuria.

"Usife kwanza," akasema Dada Waya. "Betri ni seli nyingi zilizopangwa pamoja. Huenda hazijafa zote. Nitazipima moja moja. Niachie siku chache."

"Dada, naomba jambo moja."

"Sema."

"Hili la kava libaki hapahapa."

"Kwa nini?"

"Kashona mke wangu."

Akaacha kufuta mikono, akanitazama. "Mimi natengeneza magari, ndoa sizijui. Sitamwambia mkeo. Ila yeyote atakayeshika usukani wa gari hili lazima ajue kwamba tundu hili haliguswi. Utamwambia wewe. Usipomwambia, nitamtuma kwako akuulize."

"Nani mwingine ataliendesha? Ni mimi tu."

Nilisema hivyo na nikacheka. Kweli, mtu hujichekea msiba wake bila kujua.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, kava zimekunjwa kwapani. Njia nzima nilikuwa nasema nitamweleza mke wangu. Ni mtu mwelewa. Hakujua, mimi sikujua, nani ajuaye kwamba gari lina pua? Nitamwambia taratibu, tutahuzunika pamoja, basi.

Kufika, Bwana Lita yuko kwangu, amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, amekuja kumpa dada yake habari kabla yangu. Mke wangu alikuwa nyuma ya cherehani, macho mekundu, mguu juu ya pedali lakini gurudumu limesimama.

"Fundi kasemaje?" akaniuliza.

Nikautazama uso wake. Yule mwanamke hana kitu kingine cha kujivunia duniani zaidi ya mikono yake. Mbele ya kaka yake, aliyemwambia tangu utoto kwamba kushona ni kazi ya kupoteza muda, ningemwambia mikono hiyo ndiyo iliyoua gari? Na duka lake?

"Betri imekufa," nikasema.

"Imeuawa na nini?"

"Ilikuwa... ilikuwa imechoka tangu tulipolinunua. Gari lilikuwa bovu tangu mwanzo."

Bwana Lita akasonya. Msonyo mrefu, wa mtu aliyeusubiri kwa miezi.

"Kwa hiyo ulidanganywa," akasema mke wangu.

"Nilidanganywa."

"Kaka alikuambia. Mbele yangu, hapahapa, alikuambia. Ukamwita mshamba."

"Ni kweli."

"Nilikupa pesa za duka. Sikukuuliza mara mbili. Nilisema mume wangu anajua magari, magari ndiyo kazi yake." Sauti ikampanda. "Huna ujualo! Umelila duka langu, baba watoto. Umelila ukafuta na mdomo!"

Nilikuwa na neno moja tu mdomoni ambalo lingegeuza kila kitu. Nikalimeza. Nikajiona mwanaume kweli. Nikajisifu moyoni kwamba hiki ndicho kinachoitwa mapenzi, kubeba lawama isiyo yako na kukaa kimya. Nilijisikia mwema sana, ndugu zangu. Sasa nikikumbuka natamani kujichapa.

"Kava zangu ziko wapi?" akauliza.

Nikampa lile bunda.

Akalipokea kwa mikono miwili, akalipangusa vumbi. "Angalau hizi," akasema, "hazijamdanganya mtu."

Kesho yake alizifua, akazianika uani. Kila nikienda kuoga napita chini yake, zambarau na dhahabu, zinanipapasa uso. Nilijikaza kisabuni.

Siku zile nilishinda kituoni bila gari, natumwa vocha na wenzangu. Nyumbani sikuambiwa zaidi ya "chakula hicho." Bwana Lita naye akawa haondoki kwangu. Nikirudi namkuta, wananong'ona na dada yake, nikiingia wananyamaza. Nikafikiri wananisema. Laiti wangekuwa wananisema tu!

Halafu simu ya Dada Waya ikaita.

"Kaka, una bahati," akasema. "Zilizokufa ni seli chache tu. Nimepata nzima kwenye gari lililogongwa mbele, injini ilishavunjika. Nimezifunga, feni nimeisafisha, gari linanguruma. Nasema linanguruma, lakini si unajua halingurumi."

Nikamuuliza gharama. Alipotaja nilipiga kelele, wenzangu wakadhani nimefiwa. Ilikuwa sehemu ndogo ya ile bei iliyonikalisha juu ya tairi. Kwa mafuta ninayookoa, miezi michache ingerudi yote, na baada ya hapo ni faida tupu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi! Ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza! Bwana Lita na mlevi wake wataniamkia!

"Ila tundu libaki wazi," akasema Dada Waya. "Ukiliziba tena usirudi kwangu."

"Naenda kumweleza mke wangu sasa hivi. Kila kitu."

Na kweli nilikuwa nimeazimia. Mficha uchi hazai. Ningempa yote kwa pamoja, kosa na dawa yake, uchungu na utamu wake. Nani angekasirika kwa kava wakati gari limefufuka? Nilikimbia njia ndefu ile, mtu mzima na kitambi changu, watu wananipisha njia.

Nikamkuta amevaa gauni lake jipya. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu siku ile ya kamba. Juu ya cherehani kulikuwa na ufunguo mmoja, mpya, umefungwa utepe.

"Mke wangu," nikasema nikihema, "nina habari."

"Yangu kwanza!" Akaunyanyua ule ufunguo, akautikisa mbele ya pua yangu. "Duka! Nimepata chumba cha duka! Pale pembeni ya benki, mlango mpana, dirisha la kioo. Nimelipa leo asubuhi."

"Umelipa na nini?"

"Nimeliuza lile jeneza lako."

"Jeneza gani?"

"Bubu. Nimemuuzia kaka."

"Mke wangu. Mke wangu, umeuza gari?"

"Usinitolee macho. Si ulisema bovu tangu mwanzo? Nani angelinunua gari bovu? Nimelia, nimembembeleza kaka siku zote hizi, na yeye hataki, anasema nitalifanyia nini chuma chakavu. Mwisho kakubali kwa huruma. Kasema atalikata auze spea." Akanigusa shavu, kwa upole ambao sikuwa nimeupata tangu yalipotukuta. "Nilikukaripia sana. Nisamehe. Ulidanganywa, si kosa lako. Basi yamekwisha, duka nimelipata, tumsahau Bubu."

"Kakulipa shilingi ngapi?"

Akanitajia. Ilikuwa bei ya mabati. Ilitosha kodi ya chumba cha duka kwa muda mfupi, na utepe wa kufungia ufunguo.

"Mbona huchangamki?" akauliza. "Na habari yako ni ipi?"

Nikafungua mdomo. Ningeanzia wapi? Ningesema gari si bovu, angeniuliza kwa nini nilisema ni bovu. Ningesema niliogopa, angeniuliza niliogopa nini. Kila njia niliyojaribu kichwani ilirudi kwenye zile kava. Na yeye amesimama mbele yangu na ufunguo, anang'aa.

Nje ikapigwa honi.

Hatukusikia gari kufika. Hapo nilijua ni gari gani.

Bwana Lita alikuwa ameegesha mlangoni kwangu, kiwiko dirishani, miwani ya jua usoni. Bubu alikuwa ameoshwa, anametameta. Spea gani inaoshwa?

"Shemeji!" akaniita. "Njoo uone maajabu. Nimemwonyesha fundi hati ya mauziano, nikamlipa, nimetoka nalo gereji mpaka hapa kupitia foleni ile ya sokoni, na sindano ya mafuta haijacheza!"

"Ulisema utalikata spea," akasema mke wangu, akishangaa lakini akicheka.

"Fundi kalifufua, dada. Mungu mkubwa." Akashuka, akanivuta kando kidogo, akanisogezea mdomo sikioni. Alinukia sabuni ya gari. "Nikuambie kitu cha wanaume? Hesabu yako nilikuwa naipiga tangu ulipolinunua. Nilikuwa napiga kila wiki. Ilikuwa sawasawa. Nusu ya mafuta, shemeji. Breki haziguswi. Kasoro ilikuwa betri peke yake, na betri yenyewe nimeipata kwa bei ya mtu aliyekata tamaa."

"Ulijua?"

"Nilimpigia fundi akaniambia seli zinapimwa, huenda hazijafa zote. Wewe ndiye uliyesema bovu tangu mwanzo. Nani mimi nikubishie? Wewe si ndiye dereva?"

Damu ilinipanda mpaka machoni. Ningeweza kumkaba pale pale. Lakini ningemkabia nini? Kila neno alilolitumia kuninyang'anya gari nililisema mimi, sebuleni kwangu, kwa sauti yangu.

"Usinune," akaendelea, sasa kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mimi si mtu mbaya. Ile saluni yangu ya petroli haina kazi tena. Nitakukodishia, ufanyie teksi. Mafuta juu yako, lakini."

"Kaka, Mungu akubariki!" akasema mke wangu, na macho yakamlengalenga. "Umesikia, baba watoto? Una gari tena!"

"Nimesikia," nikasema.

"Ngoja. Ngoja usiondoke, nina zawadi yako." Akakimbilia ndani.

Nilijua anachokwenda kuchukua. Nilijua kabla hajatoka. Akarudi na kava zote mikononi, zimefuliwa, zimepigwa pasi, pindo la dhahabu linawaka juani.

"Zilikuwa za gari hili, na zirudi kwenye gari hili," akasema. "Hakuna atakayezivaa vizuri zaidi."

Bwana Lita akazipokea kwa kicheko. "Hapo umenipatia! Zivalishe mwenyewe, dada. Zifike chini kama zilivyokuwa. Mshono usiofika chini si ni wa mvivu?"

Mke wangu akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti kwenye kiti, akaanza kazi. Injini haikuwa na mlio, lakini gari lilikuwa linaendelea kufanya kazi, joto la safari bado liko ndani yake. Nilisimama nikimtazama mgongo. Na hapa, wasomaji wangu, niwaambie nilichohisi hasa, maana nimeapa kutowaficha kitu. Nilihisi raha. Raha chafu, ya moto, kooni. Mvalishe, mke wangu. Chomeka vizuri. Izibie pua, na Bwana Lita ajue jinsi betri inavyokomba sufuria. Niliombea kila mwanya uzibwe.

Halafu nikaiona mikono yake inavyokwenda, ile mikono ninayoifahamu, ikibonyeza kitambaa kwa vidole viwili kama inavyobonyeza kila mshono. Nikakumbuka kwamba betri ikifa tena, Bwana Lita ataenda kwa Dada Waya, na Dada Waya atamvulia kava, na jina litakalotajwa halitakuwa langu. Litakuwa la mwenye duka jipya pembeni ya benki. Raha yote ikanitoka.

"Lo, nimesahau," akasema Bwana Lita ghafla, akivua miwani. "Yule fundi ana mambo. Nimemuuliza kilichounguza betri ni nini, kakataa kusema. Kasema alikuahidi wewe. Kasema nikuulize, tena nisiliendeshe zaidi ya hapa kabla hujanijibu."

Sikumtazama yeye. Nilimtazama mke wangu.

Alikuwa amefika upande wa pili wa kiti cha nyuma, kule chini kabisa. Mikono yake ilikuwa imesimama. Sikujua kama ni kwa sababu ya swali la kaka yake au ni kwa sababu ya kitu alichokigusa. Pindo la dhahabu lilikuwa limejivuta lenyewe kutoka vidoleni mwake, limenata kwenye wavu wa plastiki. Akalibandua. Likarudi likanata tena. Akaweka kiganja pale, akakiacha kwa muda.

"Shemeji, nakuuliza," akasema Bwana Lita. "Iliunguzwa na nini?"

Mke wangu akageuza kichwa taratibu, kiganja bado kiko palepale.

"Baba watoto," akasema, "mbona hapa panavuta kitambaa?"